Kapibara: mla nyasi aliyebandikwa jina la nguruwe

"Shikamoo Daktari. Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Mbeya. Wanafunzi wangu wamekuwa wakitazama video za mnyama anayeitwa kapibara kwenye simu za wazazi wao, na sasa darasa limegawanyika. Wako wanaosema ni panya. Wako wanaosema ni nguruwe wa majini, maana mmoja wao alisoma mahali kwamba ndiyo maana ya jina lake la kisayansi. Na kuna mmoja anashikilia kabisa kuwa ni jamaa wa kiboko. Naomba msaada: huyu ni mnyama gani, jina lake limetoka wapi, na sisi kwa Kiswahili tumwite nani? Kuna mtoto mwingine kauliza mbona kwenye video mamba hawamli. Nilikosa jibu."

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa darasa linalobishana juu ya wanyama. Nianze na jibu la haraka upate cha kuwaambia kesho asubuhi. Kapibara ni mgugunaji, yaani yumo katika kundi moja kubwa na panya, kindi, nungunungu na simbilisi, na ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote walio hai duniani. Si nguruwe, wala hana undugu wowote wa karibu na kiboko. Kwao ni Amerika ya Kusini, mashariki ya milima ya Andes, kuanzia Kolombia na Venezuela hadi Argentina. Jina lake ni la Kitupi, lugha ya wenyeji wa pwani ya Brazili, na maana yake ni "mla nyasi". Kwa Kiswahili mwiteni kapibara. Sasa nieleze, kwa sababu katika majina ya mnyama huyu kuna mambo mengi mazuri ya kufundishia.

Wareno walipofika pwani ya Brazili miaka ya 1500 walikuta watu wa makabila mengi wakizungumza lugha zilizokaribiana sana, ambazo leo tunaziita kwa jina moja Kitupi. Wazungu wenyewe walilazimika kujifunza. Mmoja wao alikuwa José de Anchieta, Mjesuiti aliyezaliwa visiwa vya Kanari, ambaye baadaye aliandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo kilichochapishwa Coimbra mwaka 1595. Mwaka 1560, akiwa São Vicente, aliwaandikia wakuu wake barua ndefu kuhusu hali ya hewa, mimea na wanyama wa nchi ile. Humo anamtaja mnyama akaaye majini na nchi kavu, anaandika jina lake jinsi alivyolisikia kwa wenyeji, na papo hapo anaeleza kuwa maana yake ni wale walishao majani. Anaongeza kuwa hawatofautiani sana na nguruwe, rangi yao ni ya wekundu kidogo, na meno yao ni kama ya sungura. Angalia alivyofanya: jina kalichukua kwa wenyeji, mfano wa nguruwe kautoa kwao Ulaya. Mambo hayo mawili yataandamana katika habari yote ya mnyama huyu.

Neno lenyewe limejengwa hivi. *Ka'a* ni majani au kichaka. *Pi'i* ni kitu chembamba. Ukiviunganisha unapata *kapi'i*, majani membamba, yaani nyasi. Halafu kuna *'u*, kula, na mwisho kiambishi cha mtendaji, *-ara*. Sisi mtendaji tunamtanguliza mbele, m-la-nyasi. Mtupi alimweka nyuma, nyasi-la-mwenye. Mwanafunzi wa darasa la sita anayejua kuwa mkulima ni mtu anayelima ataona mara moja jinsi neno hili linavyofanya kazi.

Kati ya *kapi* na *ara* palikuwa na sauti iliyokaribiana na "w" yetu. Mswahili angeitamka bila taabu: kapiwara. Mreno akaiandika kwa v, ndiyo maana Brazili mpaka leo ni *capivara*. Wahispania wengine waliandika kwa gu na wengine kwa b, na hiyo ya b ndiyo iliyoenea duniani na kutufikia sisi. Katika Kiguarani, ndugu wa Kitupi kinachozungumzwa na mamilioni ya watu Paraguai hadi leo, husemwa *kapi'yva*.

Nusu ya kwanza ya neno hilo imefika karibu na wewe kuliko unavyodhani. *Kapi'i* iliingia katika Kireno cha Brazili kama *capim*, nyasi, na Wareno wakaisafirisha hadi makoloni yao ya Afrika. Ukivuka Ruvuma ukaingia Msumbiji, nyasi ndefu za porini huitwa *capim*, na Angola ni vivyo hivyo. Mtu wa Nampula anayefyeka *capim* shambani anatamka nusu ya jina la kapibara.

Aliyempeleka mnyama huyu kwa wasomi wa Ulaya alikuwa Mjerumani Georg Marcgraf. Miaka ya 1630 Waholanzi walikuwa wameteka sehemu ya kaskazini mashariki ya Brazili, na gavana wao, Johan Maurits, alichukua wataalamu na wachoraji wa kuandika habari za nchi ile. Marcgraf alifanya kazi Recife, mji unaopitiwa na mto Capibaribe, na jina la mto huo kwa Kitupi ni mto wa kapibara. Alieleza mamia ya mimea na wanyama, na kila alipoweza aliweka jina la wenyeji mbele. Hakuishi kuona kazi yake ikichapishwa: alitumwa Afrika na akafa Luanda mwaka 1644. Kitabu kilitoka Uholanzi mwaka 1648, na kapibara yumo, kwa jina lake la Kitupi, ingawa mfano wa nguruwe wa mtoni nao haukukosekana.

Sasa swali la mtu wa sayansi: je, Watupi walikuwa sahihi? Jina linasema mla nyasi. Walikuwa sahihi mno, na hapa nataka tuingie ndani ya kinywa chake.

Ukimfungua kapibara mdomo unaona kwanza meno ya mbele, mawili juu na mawili chini, mapana, yenye mfereji mdogo usoni. Hayo ni meno ya kugugunia na hayaachi kukua. Wagugunaji wote wanayo. Cha kushangaza kiko nyuma, kwenye magego. Magego yake nayo hayaachi kukua maisha yake yote, na lile la mwisho la juu ni refu peke yake kama matatu yaliyolitangulia yakiwekwa pamoja. Limetengenezwa kwa vibamba vyembamba vingi vilivyosimama bega kwa bega, kila kimoja na ukingo wa gamba gumu la jino. Taya haisagi kwa kwenda kushoto na kulia kama ya ng'ombe. Inakwenda mbele na nyuma, na kila mwendo ule msururu wa kingo unakata nyasi vipande vidogo vidogo. Hii ni tupa, Mwalimu. Nyasi zina chembe za silika zinazokula meno, na mnyama asiye na magego yanayoota upya angebaki kibogoyo kabla ya uzee.

Tumbo nalo linasema hivyo hivyo. Kapibara hana matumbo manne kama ng'ombe. Chakula hupita haraka mpaka mwanzoni mwa utumbo mpana, ambapo kuna mfuko mkubwa sana, na humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huvundika nyasi na kuziyeyusha. Tatizo ni kwamba mfuko huo uko mbali, baada ya sehemu ya utumbo inayonyonya virutubisho. Kwa hiyo asubuhi kapibara hula kinyesi laini kinachotoka kwenye mfuko ule, kikimpitia mara ya pili na kumwachia protini na vitamini zilizotengenezwa na vile vijidudu. Sungura hufanya hivyo, simbilisi pia. Waambie wanafunzi wasicheke. Bila mlo huo wa asubuhi mnyama mzito namna hii asingeishi kwa majani.

Na ni mzito kweli. Mkubwa hufikia kwa kawaida kilo 35 hadi 66, urefu wa mita moja na zaidi kidogo, kimo cha nusu mita au sentimita chache juu yake. Jike aliyewahi kupimwa Brazili alikuwa na kilo 91. Kwa siku mmoja hula kilo tatu hivi za nyasi mbichi, tena huchagua. Kwenye mbuga za Llanos huko Venezuela, ambako Juhani Ojasti, mtafiti mzaliwa wa Finland, aliwachunguza kwa miaka mingi, hupenda nyasi za majimaji kama *Leersia hexandra*. Nyasi hiyo inaota hata kwenye maeneo oevu ya Afrika Mashariki. Kapibara angekuta chakula akishushwa ukingoni mwa Rukwa, ingawa naomba sana asije akashushwa: historia ya wanyama wa kigeni waliopelekwa kwenye maziwa ya watu ni chungu.

Basi jina la wenyeji lilitokana na kumwangalia akifanya kazi yake ya kila siku. Majina ya waliokuja baadaye yalitokana na umbo lake akionekana kwa mbali.

Twende kwa yule mwanafunzi wa nguruwe. Hakudanganywa. Jina kamili la kisayansi ni *Hydrochoerus hydrochaeris*. Ni Kigiriki: *hydor* ni maji, *khoiros* ni nguruwe. Tena limerudiwa mara mbili kwa tahajia mbili, nguruwe-maji nguruwe-maji. Sehemu ya kwanza inatoka kwa Mfaransa Brisson, mwaka 1762. Ya pili inatoka kwa Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye mwaka 1766 hakuishia kutumia neno nguruwe kama mfano, alimwingiza kabisa katika jenasi *Sus*, jenasi ya nguruwe wenyewe, akamwita *Sus hydrochaeris*. Linnaeus ndiye baba wa mfumo wa majina tunaoutumia mpaka leo, na ninamheshimu, lakini hapa alikosea wazi. Nguruwe ana kwato. Kapibara ana vidole. Nguruwe ana chonge. Kapibara hana hata moja. Anchieta alikuwa ameandika miaka mia mbili kabla yake kwamba meno ni kama ya sungura. Sifa ya kumwondoa kwenye kundi la nguruwe ilikuwa imeshawekwa kwenye karatasi, na haikupewa uzito.

Baadaye wataalamu walimtoa kwenye jenasi ya nguruwe, lakini kanuni za kutoa majina haziruhusu kufuta jina la spishi kwa sababu tu maana yake ni ya makosa. Jina la kisayansi ni lebo. Mfano wenu mzuri ni kiboko: *Hippopotamus* ni Kigiriki cha "farasi wa mtoni", na kiboko si farasi, jamaa zake wa karibu walio hai ni nyangumi. Kwa hiyo mwanafunzi wako amesoma sawasawa, ila asichukue maana ya jina kuwa ni ushahidi wa ukoo.

Kilichowapotosha watu, nadhani, ni umbali. Charles Darwin aliwaona Uruguai miaka ya 1830 na kumpiga mmoja kwa bunduki aliyekuwa na uzito wa ratili 98, karibu kilo 44. Aliandika kuwa ukiwaona kwa mbali wakitembea wanafanana na nguruwe kwa mwendo na rangi, lakini wakikaa kitako na kukodolea kitu jicho moja, ule ufanano wao na simbilisi na sungura unarudi. Ni maelezo bora ninayoyajua juu ya asili ya kosa hili. Akitembea ni nguruwe, akiketi unamjua ni nani.

Kuna na waliomfanya samaki. Wamisionari Wakatoliki walikuta watu wanakula nyama ya mnyama huyu, na kwa kuwa anaishi majini anakoogelea na kujificha, wakahesabu kuwa anaweza kuliwa siku za kufunga. Mtafiti Mjerumani Alexander von Humboldt alipopita mto Apure, Venezuela, mwaka 1800 aliona makundi makubwa yakivuka maji, na akaandika kwamba wamisionari hawakusita kula mapaja yake wakati wa Kwaresima. Venezuela mpaka leo nyama yake iliyotiwa chumvi na kukaushwa juani ni chakula cha Juma Kuu.

Hapo Venezuela, hata hivyo, ukisema *capybara* sokoni hawatakuelewa haraka. Kwao ni *chigüire*. Kolombia ni *chigüiro*, Peru ni *ronsoco*, Argentina na Uruguai ni *carpincho*. Kila bonde na jina lake, kama ilivyo kwetu kwa wanyama wengi. Lakini kuna jina moja nataka ulishike, kwa sababu litakupa somo la vitendo. Watu wa Guyana ya Kifaransa, wasemaji wa Kigalibi, walimwita *cabiai*, na Kifaransa kinamwita hivyo hadi sasa. Kutokana na neno hilo wataalamu waliunda jina la Kilatini *Cavia*. Je, unamjua *Cavia porcellus*? Ni simbilisi. Yule yule mnayemfuga huko nyanda za juu kusini, anayezunguka jikoni akilia kwa mluzi. Na *porcellus*, samahani, maana yake ni kinguruwe. Huyu naye wamemwonea vile vile.

Simbilisi na kapibara wako katika familia moja, Caviidae. Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi: waambie wanafunzi walete simbilisi mmoja mpole darasani. Mshike taratibu, mgeuze miguu, wahesabu vidole. Mbele watapata vinne, nyuma vitatu. Kapibara ni hivyo hivyo, vinne mbele, vitatu nyuma, ila vya kwake vina utando mfupi katikati wa kuogelea. Kisha watafute mkia. Hamna; kapibara naye hana, ni kibonge tu. Kama kuna mtoto ambaye simbilisi wa kwao amezaa hivi karibuni, mwulize watoto walizaliwaje. Atakwambia walizaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya muda mfupi wakaanza kutafuna majani. Kapibara hubeba mimba ya miezi minne na nusu hadi mitano, huzaa wanne hivi, na watoto hula nyasi kabla hawajafikisha wiki, huku wakiendelea kunyonya kwa mama yao na hata kwa majike wengine wa kundi. Wote wawili, simbilisi na kapibara, miili yao haitengenezi vitamini C. Wakinyimwa majani mabichi huugua fizi kama mabaharia wa zamani. Hakuna picha ya kitabuni itakayofundisha ukoo vizuri kuliko vidole vya simbilisi mkononi mwa mtoto.

Sasa wale wa panya. Wamekaribia ukweli, lakini waelekeze kidogo. Mgugunaji si lazima awe panya, na ndani ya kundi hilo kuna matawi yaliyoachana zamani sana. Panya wa nyumbani wako tawi moja. Panya buku, pamoja na wale mashujaa wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wako tawi hilo hilo. Kapibara yuko tawi lingine, na humo ndimo walimo nungunungu, ndezi na mafuko, hata yule fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Kwa hiyo ndezi unayemwona kwenye mashamba ya miwa ana undugu na kapibara wa karibu zaidi kuliko undugu wake na panya aliyeko darini kwako.

Undugu huo umevukaje bahari? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mababu wao walitoka Afrika. Mabaki ya zamani sana ya tawi hili Amerika ya Kusini yamepatikana Contamana, Peru, na umri wake ni takriban miaka milioni 41. Wakati huo Afrika na Amerika ya Kusini zilikwisha kutengana, ila Atlantiki ilikuwa nyembamba kuliko ilivyo sasa. Inaelekea wachache walibebwa na visiwa vya magogo na mimea vilivyong'olewa na mafuriko ya mito mikubwa, wakafika ng'ambo wakiwa hai, na kizazi chao kikatawanyika kuwa simbilisi, kapibara, chinchila na wengineo. Inaonekana kama hadithi, nakubali. Lakini meno ya mabaki ya Peru yanafanana na ya mabaki ya kale ya Afrika, na njia ya nchi kavu haikuwapo.

Na huko huko kwenu, Mwalimu, katika bonde la ufa la Rukwa, watafiti walifukua meno na taya za mgugunaji wa miaka milioni 25 hivi iliyopita wa upande wa ndezi, yaani wa tawi lililobaki Afrika. Walimtangaza mwaka 2009 kwa jina *Kahawamys mbeyaensis*. Kahawa na Mbeya, zote zimo katika jina la kisayansi. Waandikie ubaoni. Sijui kama kuna darasa lingine lenye bahati ya kufundishwa ukoo wa kapibara kwa mnyama aliyepewa jina la mkoa wao.

Mwanafunzi wa kiboko usimkatishe tamaa, ameona jambo la kweli. Mtazame kapibara akiwa majini: macho, masikio na pua vimepangwa juu ya kichwa katika mstari mmoja, ili mwili wote uzame na yeye aendelee kuona, kusikia na kuvuta pumzi. Kiboko ana mpangilio huo huo, na mamba pia. Ni matatizo yale yale ya maisha ya majini yakitatuliwa kwa namna moja na wanyama wasio na udugu. Akiona hatari, kapibara anaweza kuzama kabisa na kukaa chini ya maji hadi dakika tano. Na kama kiboko, hutoka majini kwenda kulisha kisha hurudi. Yanayofanana ni maisha, ukoo haufanani.

Kuhusu jina la Kiswahili, nimewahi kuona pendekezo la "nguruwe-maji". Nalipinga. Lingetafsiri kosa la Linnaeus na kuliingiza kwenye vichwa vya watoto wetu, na kwa familia nyingi za Kiislamu neno nguruwe lina uzito ambao mnyama huyu hastahili kubebeshwa na mtafsiri. "Panya maji" nalo linampeleka tawi lisilo lake. Kapibara ni neno linalokaa vizuri mdomoni mwa Mswahili, silabi nne zote zikiishia na irabu, na ndani yake limebeba ujuzi wa Watupi waliomfahamu. Lugha yao ya pwani ilipigwa marufuku na serikali ya Ureno miaka ya 1750, na leo haizungumzwi tena nyumbani kwa mtu yeyote jinsi Anchieta alivyoisikia. Nionavyo mimi, kulitumia jina lao ni haki yao. Upatanisho ni wa viumbe hai kama kawaida: kapibara huyu anaogelea, kapibara hawa wanaogelea.

Kuhusu zile video, wanafunzi wajue mambo mawili. Wale wanaooga maji ya moto wakiwa na matunda juu ya maji wengi wao wako Japani, katika bustani za wanyama. Desturi hiyo ilianza Izu mwaka 1982, kwa sababu baridi ya Japani inamsumbua mnyama wa nchi za joto. Pili, upole wake una mpaka. Madume hupigana, na meno yale ya mbele yanajeruhi vibaya. Katika jimbo la São Paulo, Brazili, makundi ya kapibara huongeza kupe wanaoeneza homa ya madoa, ugonjwa unaoua watu usipotibiwa mapema. Na Argentina, mwaka 2021, wakazi wa mtaa wa kitajiri wa Nordelta walilalamika kwamba *carpincho* wamevamia bustani zao. Mtaa huo umejengwa juu ya ardhi oevu ya mto Paraná, iliyokuwa malisho ya wanyama hao.

Nabaki na swali la mamba. Mamba wa kwenye video hizo mara nyingi ni kaimani, jamaa mdogo wa mamba wetu wa Rukwa. Wengi wao hula zaidi samaki, konokono na kaa, na kapibara mzima wa kilo 50 ni mkubwa mno kwa kinywa cha kaimani wa kawaida, kwa hiyo huota jua ubavu kwa ubavu bila kusumbuana. Watoto wa kapibara ni habari nyingine: kaimani huwala, na tumbusi, mbweha na nyoka anakonda huwala pia. Mkubwa adui yake hasa ni jagwa, paka mwenye madoa aliye mkubwa kuliko chui, na ndiyo sababu kapibara hukaa kundi la kumi hadi ishirini, na kiangazi maji yakipungua hata mia hukusanyika kwenye dimbwi moja. Mmoja akishtuka hubweka mlio mfupi mkavu, wenzake husimama kidete, na akiendelea kubweka wote hukimbilia majini. Mwambie mtoto huyo aitazame tena video, aangalie kama kuna watoto wa kapibara karibu na yule mamba. Mara nyingi hakuna.